Uso Chini ya Chokaa

...na kama asingeiweka ile taa chini, pembeni kabisa mwa ukuta, ili waya usimkwaze fundi, asingeona kitu, angeona chokaa tu kama walivyoiona watu wote wa nyumba hii, lakini mwanga umepita ubavuni, umeparamia kila kinundu na kila kovu, na chini ya chokaa pametoka shavu, kisha jicho, kisha mkono wa mwanamke uliomzunguka mtoto, na sasa Muhsina amechutama mbele yake, na mlangoni mama mkwe wake anauliza, "Muhsina, mbona kimya, kuna nini hapo?"... Bi Kheiria kasimama kizingitini ameupa mwanga kisogo, macho yake yana mtoto wa jicho na hii taa ya umeme inamchoma, na ukuta huu ndio kibla chake, tangu alipoletwa Maskati bibi-arusi kutoka Unguja anasali hapa, chumba hiki kisicho na dirisha, hapa alimwomba Mungu mtoto mpaka akampata Suud, na muda wote huo, mbele ya paji la uso wake, nyuma ya chokaa nyembamba kama kucha, alikuwapo huyu... Wareno ndio waliomchora, nani mwengine, watu husema nyumba ilikuwa yao kabla hawajafukuzwa, husema tu, kama wasemavyo kuna jini kisimani, kisha huendelea na chai yao. "Natazama ufa, mama," amejibu, wala si uongo, ufa upo, umeteremka kutoka darini mpaka begani mwa mtoto, chumvi imeivimbisha lipu yote, ndiyo maana fundi Ghanim ameitwa kutoka Sidab na tindo lake, ndiyo maana mifuko ya simiti ya Matrah imejaa uani, leo lipu yote ibanduliwe, ukuta upakwe upya, na Suud yuko kichochoroni na mashine yake ya umeme aliyokuja nayo kutoka Kuwait, tangu alipoingia Sultani mpya mwaka huu, mambo yakafunguka na watu wakaruhusiwa kuwasha taa wanavyotaka, anamulika kila pembe ya nyumba, stoo, ngazi, mpaka banda la kuku, "Mwanga unatosha?" anapiga kelele huko nje juu ya mngurumo, "Unatosha," anamjibu, unatosha mno, laiti ungekuwa haba. Akinyamaza yatakwisha, Ghanim atapiga nyundo, shavu litaanguka, jicho litaanguka, vifusi vitatolewa kwa karai na Bi Kheiria atasali Magharibi mbele ya simiti mbichi, moyo wake mweupe... na akisema? Mwanamke huyu asiyekosa sala, utamwambiaje kwamba alikuwa anasujudu mbele ya sanamu, atauliza sala zangu zote zile je, na nani atamjibu, Muhsina, mke wa mwanawe, mgeni wa majuzi ambaye hata Kiarabu chake wanakicheka sokoni? "Bibi, nianze?" Ghanim anauliza kwa Kiarabu, tindo limegusa jiwe, ti, ti, analijaribu tu, lakini Muhsina ameruka kana kwamba limemgusa yeye, bega limeigonga taa, imeyumba, na uso wa yule mwanamke umegeuka kidogo ndani ya kivuli, hivyo hivyo, hivyo hivyo alivyogeuka mama... hapana, si sasa... Januari ile ya mapinduzi Unguja, kabati limesogezwa, Muhsina nyuma yake amejibana ukutani, wanaume chumbani na tochi, na kwa upenyo akauona uso wa mama yake Masouda umemulikwa, mweupe kwa mwanga, akisema taratibu, "Niko peke yangu," akageuza uso kidogo asije akatazama kabati, wakaondoka naye na hakurudi, na tangu siku ile Muhsina hapendi taa ya kumulikia watu, Suud anadhani ni ushamba. Picha hata moja hakutoka nayo, siku hizi hakumbuki kile kidoa cha mama kilikuwa shavu la kulia au la kushoto, anajaribu usiku, anakiweka huku, anakiweka kule, pote panakubali... ti, ti... na huyu hapa ana uso wake, amekaa nao gizani miaka hiyo yote, jicho moja tu ndilo lililopauka. Aliyempaka chokaa angetaka angemkwangua, tindo si kitu kigeni, lakini hakumkwangua, amempitishia brashi polepole, tazama, mistari ya brashi inauzunguka uso, kama mtu anayemfunika shuka aliyelala, kisha akatandika mswala, pengine naye alikuwa ana mama. Na Bi Kheiria, kwani Bi Kheiria ni mtoto mdogo wa kufichwa? Kila Ijumaa humu humu anasoma Sura ya Maryamu, akifika pale uchungu wa kuzaa unapompeleka Maryamu kwenye shina la mtende sauti inamkatika, kila wiki, kama habari aliyoipata asubuhi hiyo... mama alinyamazia kabati mtu apate kuishi, na miye nataka kunyamaza ili mtu avunjwe, halafu niite huruma. "Muhsina, n'nakuuliza weye," sauti ya mlangoni imekuwa ndogo, "huo ufa gani unaotazamwa hivyo?" Na anasikia anasema, "Mama, kuna picha chini ya chokaa, ya zamani, ni mwanamke na mtoto, naona ni Bibi Maryamu." Nje mashine inanguruma. Tindo limenyamaza. Muhsina anahesabu pumzi za mkwewe kwa masikio, sasa ataangua kilio, sasa atasema laiti asingeleta mkwe mwenye mdomo, na bado hajutii. "Ghanim," Bi Kheiria anasema kwa Kiarabu, "hebu ngoja kwanza." Kisha, bado kaupa mwanga kisogo, kashika mwimo wa mlango, anauliza polepole, "Amekaa au amesimama?" Muhsina anaisogeza taa karibu zaidi na ukuta. "Amekaa, mama," anasema. "Anaonekana amechoka."