Askari Kanzu kwa Mama Mkwe

Mwaka wa 1939, Mwingereza alipoanza kupigana na Mjerumani, Gekara alikuwa na vita vyake tayari kwenye shamba moja la chai karibu na Kimulot. Silaha yake ilikuwa mawe. Yeye na wenzake waliyaficha vikapuni chini ya majani, mpaka mashine ya kiwandani ikakohoa siku mbili na askari wa Mfalme wakanywa maji ya moto.

Alishikwa na jiwe mkononi. Inspekta akamwambia achague: aende panyako, kikosi cha vibarua wa jeshi, akachimbe mahandaki ya watu wengine, au awe askari kanzu, polisi wa siri, alete majina ya wachochezi kabla ya Jumamosi. Mellen, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane. Gekara akachagua kanzu, ingawa kanzu yenyewe hakupewa.

Majina alikuwa nayo. Shida ni kwamba yote yalikuwa ya marafiki zake. Akamfuata Obonyo, wanayechuma naye mstari mmoja, akamweleza kila kitu.

"Kumbe wewe sasa ni Serikali," Obonyo akasema. "Ngoja nivue kofia."

"Vua, halafu mkutano wetu wa mawe upeleke kwa mama mkwe wangu."

Obonyo akacheka mpaka akakaa chini. Kwao, Ujaluoni, na kwa kina Gekara, Ugusii, ni mamoja: mwanaume hakanyagi nyumba ya mama mkwe, hata anyeshewe na mvua yote ya Kimulot.

Jumamosi Gekara akaripoti ukweli mtupu: kuna watu wanakutana kwa mjane Nyanchoka, mama mkwe wake, ila yeye aliishia kwenye ua, sura hakuziona. Inspekta akamwita koplo Mosoti aingie badala yake.

Mosoti akatazama buti zake. "Siwezi, Bwana. Mimi nimeoa binti yake mkubwa."

Basi jioni inspekta akaingia mwenyewe. Nyanchoka akampa kigoda na uji. Wanaume sita wakaimba kwa sauti ya kanisani, kwa Kigusii, wakipanga mawe ya Jumatatu, Obonyo akiitikia amina. Wakwe wawili walikuwa nje, wameipa nyumba mgongo.

"Wanasema nini?" inspekta akauliza kupitia dirisha.

Mosoti alisikia kila neno. Alisikia pia mama mkwe akikohoa.

"Wanamwombea Mfalme, Bwana."

Inspekta akaandika kwamba ni watu wa sala, na habari za panyako zikaishia hapo. Jumatatu mashine ikakohoa tena, na Nyanchoka, ambaye sasa naye alibeba kikapu cha mawe na hakuwahi kusemezana na Gekara, akamtuma Mellen: "Mwambie mumeo achague mawe madogo. Mgongo wangu si wa punda."