Kioo cha Ufa wa Tatu

Kioo kilikuwa kimepasuka katikati, mstari mwembamba kama unywele, na aliyekiona nilikuwa mimi peke yangu.

Ghala lile la zamani lilisimama mguu mmoja nchi kavu, mwingine majini. Chini zilirundikwa kamba kuukuu. Juu tulikuwa wanawake tisa, tukishona maturubai. Injinia alibandika vipande vya kioo kwa plasta juu ya nyufa, akatueleza kwamba ukuta ukisogea kioo kitapasuka, na kikipasuka tunatoka sote. Kazi ya kuvikagua kila asubuhi alinipa mimi. Wenzangu wakanicheka, eti nikizidi kuzikodolea macho nyufa zile zitaniletea posa.

Kioo cha ufa wa tatu kilipopasuka, nilimwambia Shangazi, aliyenilea na aliyekuwa msimamizi wetu.

"Tukitoka hapa," alisema, "nani atatupokea na vyerehani tisa?"

Jioni, wenzetu walipoondoka, alileta kioo cha fremu ya picha ya marehemu mumewe. Alikikata kwa kipimo kilekile, akakibandika polepole mahali pa kile kilichopasuka, kama anayemfunga mtoto kidonda. Plasta mbichi akaipaka vumbi. Kisha akasema twende nyumbani, chakula kitapoa.

Siku nne sikutulia. Vyerehani vikinguruma, niliisikia sakafu. Vikinyamaza, niliyasikia maji chini yake. Nilishona pindo likaenda upogo, nikalifumua, nikalishona tena upogo. Kila aliyeshuka ngazi nilimhesabia hatua mpaka afike chini.

Siku ya tano injinia alikuja. Akainama kwenye ufa wa tatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huu haujasogea hata kidogo.

Shangazi alinitazama kupitia miwani yake ya kushonea, macho yamekuzwa, hayapepesi. "Mwanangu," alisema taratibu, "mletee mgeni kiti."

Nilileta kiti. Nikakiweka, nikakishikilia mgongo.

"Hicho kioo hukukiweka wewe," nikamwambia injinia.

Tulitoka siku ileile. Tulishusha vyerehani ngazini wawili wawili, na aliyeshika upande wa pili wa changu hakuninyanyulia uso.

Miaka sita sasa. Ghala halijaanguka. Tukipita pale, Shangazi husimama, akauegemea ukuta kwa bega lake zima.

"Umeona?" huniuliza.

"Nimeona, Shangazi," humjibu kutoka ng'ambo ya barabara, nikimwomba twende.