Jongo la Kidato cha Tatu

Kwanza ieleweke kwamba mimi ndiye niliyesalitiwa. Nasema hivyo mapema kwa sababu shuleni kwetu hapa Mbinga habari hii inasimuliwa pia kwa namna nyingine, mabwenini na jikoni, na katika namna hiyo mimi ni mtu mbaya. Aliyenisaliti ni Flaviani, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, mtu niliyemgawia sukari, sabuni na siri zangu zote. Nilimpa karatasi moja anitunzie. Karatasi moja tu.

Mimi ni Hamidu Shabani wa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Baba ana duka pale, na nyuma ya duka kuna kichanja cha kuanikia usipa, kwa hiyo nimekua nikinuka samaki na nikiona fahari. Shuleni tunakula maharage. Mchana maharage, jioni maharage, milo kumi na minne kwa wiki. Jumapili, ili tujue kwamba ni siku tofauti, yanawekwa juu ya wali.

Maharage hayo yanatoka Ruanda, kijiji cha huku huku Mbinga, kwa mama yake Flaviani. Mama Yuliana ni mjane. Shule ilikubali apeleke maharage kila baada ya mavuno, na kwa maharage hayo Flaviani anasoma. Siku shule itakapoacha kuyapokea, Flaviani atafunga tranka lake na kurudi kwao kulima. Kila mtu analijua hilo. Mimi pia nililijua. Naomba jambo hilo lisitiliwe mkazo sana.

Nilifika kwao mwezi wa tatu, wakati wa likizo fupi. Mbaha ni mbali na nauli ilikuwa imeishia kwenye maandazi, basi Flaviani akanichukua. Mama Yuliana alinipokea kama mtoto aliyepotea akaonekana. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu Hamidu," akasema, na tangu hapo hakuniita kwa jina bila kutanguliza hilo neno.

Ulikuwa msimu wa ngolo. Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hawalimi mlima kama watu wengine. Wanafyeka majani, wanayalaza chini kwa miraba, halafu wanayafunika kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo na matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, kufunika na kupanda ni ya wanawake. Mimi, mtu wa ziwani, nilitumbukia shimoni mara tatu siku ya kwanza, na watoto wa jirani wakaja na viti kutazama.

Siku ya pili Mama Yuliana alinionyesha kitu. Kwenye kona moja ya shamba alikuwa ananyunyiza majivu ya jikoni juu ya matuta, polepole, kama mtu anayetia chumvi.

"Hapa udongo ni mchachu," akasema. "Mwaka juzi maharage yalitoka ya njano, hayana nguvu. Nikajaribu majivu. Sasa kona hii ndiyo inayonipa kuliko zote."

"Kwa nini majirani hawafanyi?"

"Hawajui. Wakiniona wanasema napika shamba." Akacheka. "Usimwambie mtu, mwanangu. Wamenicheka vya kutosha."

Nikaapa. Mimi huapa vizuri sana.

Mwezi wa nane nilikuwa maktaba nikitumikia adhabu ya kupanga vitabu, adhabu ambayo haina uhusiano na habari hii wala na yule mbuzi aliyekutwa ofisini. Humo nikakuta kitabu cha lishe ambacho hakijaazimwa tangu kinunuliwe. Nikafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, na hapo nikakutana na molibdeni.

Molibdeni ni madini. Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Kwa mtu wa umri wetu ni mikrogramu arobaini na tatu kwa siku, yaani hata ukiyaweka kwenye ncha ya kidole hutayaona. Bila hayo, vimeng'enya fulani mwilini vinakaa bure: kimoja cha kuondoa sumu ya salfaiti, kingine cha kuvunjavunja mabaki ya chakula mpaka yawe asidi ya mkojo. Na yanapatikana wapi kwa wingi? Kwenye jamii ya kunde. Kwenye maharage. Chini kabisa ya ukurasa paliandikwa kwamba huko Armenia, mahali ambapo udongo una molibdeni nyingi kupita kiasi, watu waliwahi kuugua maumivu ya viungo yanayofanana na jongo.

Nikakiweka kitabu mezani kwa heshima. Nilihisi kama kitabu kilikuwa kinanisubiri mimi.

Nikamwita Flaviani. Akasoma, akakuna kichwa.

"Nyingi kupita kiasi ndiyo kiasi gani?"

"Nyingi."

"Hamidu, fungua ukurasa unaofuata."

Ukurasa uliofuata ulikuwa mbaya. Ulisema wale watu walikuwa wanameza mamia ya mara zaidi ya mahitaji yao. Ulisema mwili wenye afya hutoa ziada kwa mkojo, haraka tu, na kwamba mtu anayekula maharage kila siku hana la kuogopa bali la kushukuru. Nikaichana karatasi ile.

"Umechana kitabu cha shule," Flaviani akasema.

"Nimekitibu. Kilikuwa na uvimbe."

Nikamweleza mpango. Barua kwa Mkuu wa Shule, ya kisayansi, yenye takwimu. Wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu wachechemee. Tutaomba usipa siku ya Jumamosi, basi.

"Na mama?" akauliza.

"Siku moja kati ya saba. Hatapungukiwa na kitu. Kwanza mtacheka mpaka mlie, utaona uso wa Mkuu."

Akafikiri, halafu akacheka, na hapo nikajua nimempata. Flaviani ana hati nzuri, akaandika barua kwa mkono wake. Mimi nikampa ile karatasi aiweke kwenye tranka lake. Tranka langu hupekuliwa kila Ijumaa kutokana na historia. La kwake halijawahi kuguswa, kwa kuwa anaongoza kwaya.

Sasa nifike mahali ambapo wanaosimulia kwa ile namna yao hupenda kukaa sana. Baada ya Flaviani kumaliza, niliisoma barua nikaona haina meno. Ilikuwa na Armenia, lakini Armenia ni mbali. Ilihitaji kitu cha hapa. Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu kingine kwamba udongo mchachu huzuia molibdeni isiingie kwenye mmea, na kwamba majivu hupunguza uchachu huo na kuifungulia. Basi chini ya hati nzuri ya Flaviani nikaongeza aya moja kwa hati yangu mbaya: "Zaidi ya hayo, imebainika kwamba mkulima wa Ruanda anayeleta maharage ya shule hunyunyizia majivu shambani kwa siri, jambo linalozidisha madini hayo kwenye punje." Niliona ni aya nzuri. Mpaka leo, kama sentensi, ni nzuri.

Jumatatu barua ilikuwa mezani kwa Mkuu, bila jina, na jongo likaanza. Watu kumi na mmoja walifika mstarini wakichechemea, wengine kwa vipaji vikubwa. Praygod, jirani yangu wa kitanda, alichechemea kwa mguu wa kushoto asubuhi na kwa mguu wa kulia wakati wa chakula. Nesi Lidia akamwita.

"Unaumwa mguu gani?"

"Huu, Nesi."

"Asubuhi ulikuwa ule."

"Umehama, Nesi. Ndivyo jongo la Armenia linavyofanya."

Nesi Lidia akamtazama, akaandika kitu kirefu kuliko jibu lenyewe.

Nilitegemea Mkuu wetu, Mwalimu Aloyce, acheke au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliogopa. Watoto wa watu kumi na mmoja wanachechemea, na barua mkononi ina takwimu. Jumatano akaisoma mstarini, yote, kwa sauti ya msibani. Alipofika kwenye majivu nilikuwa nimesimama nyuma ya Flaviani. Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Hakugeuka.

"Kwa usalama wenu," Mkuu akasema, "shule haitapokea maharage kutoka Ruanda mpaka yapimwe. Sijui yatapimiwa wapi. Tutauliza."

Siku tatu Flaviani hakuongea na mimi. Nilimwambia itapita. Nilimwambia Mkuu atasahau. Nilimwambia asinune kama mtawa. Alikuwa anakunja shati lake, akalikunja mara nne, akaondoka.

Jumamosi Mama Yuliana alikuja. Gari lililombeba lilikuwa limeshusha magunia yake nje ya geti na kuondoka, na mlinzi alikuwa ameambiwa asifungue. Akakaa juu ya gunia, mikono mapajani, amevaa kitenge cha kanisani. Mkuu akatoka kwenda kumweleza. Sisi wagonjwa kumi na mmoja tulikuwa tumepangwa chini ya kivuli cha zahanati ya shule, hatua chache tu kutoka pale, tukisubiri Nesi atupime magoti.

Mama Yuliana akaniona. Uso wake ukapata nafuu, kama mtu aliyeona ndugu ugenini. Akaniita kwa mkono. Ningefanya nini? Mkuu alikuwa amesimama pale pale. Nikaenda nikichechemea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu Hamidu. Mguu umefanya nini?"

Nimelifikiria sana swali lile. Kulikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema mpira. Ningeweza kusema nimeteguka. Mkuu alikuwa ananitazama, na nyuma yangu wenzangu kumi walikuwa wameacha hata kupumua.

"Ni maharage, mama," nikasema.

Aliutazama mguu wangu, halafu akautazama mkono wake aliouweka juu ya gunia, akauondoa taratibu, kana kwamba gunia lilikuwa la moto.

Flaviani alikuwa amefika, sikumwona. Alisikia. Akageuka akaenda bwenini, hakukimbia, na ninaapa kwamba wakati ule bado nilimwamini. Nilidhani anaenda kulia. Akarudi na karatasi imekunjwa mara nne. Hakunipa mimi. Alimpa Mkuu.

"Hii imetoka kwenye kitabu cha maktaba, Mwalimu. Tuliichana. Mimi niliificha. Barua pia niliandika mimi, isipokuwa ile aya ya mwisho."

Mkuu akasoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Akampa Nesi Lidia, naye akasoma kwa sauti, kwa raha ambayo haikuwa ya lazima: kwamba ziada hutoka kwa mkojo, kwamba anayekula maharage hana la kuogopa, kwamba mwili unahitaji madini haya kila siku na maharage ni mahali pazuri pa kuyapata.

"Hamidu," Mkuu akasema. "Tembea mpaka kwenye mlingoti wa bendera, kisha urudi."

Kuchechemea ni kazi ya imani. Imani ikiondoka, mguu hausikii tena. Nilitembea wima kabisa, nikazunguka mlingoti, nikarudi, na nilipofika wenzangu wote kumi walikuwa wamepona. Praygod alikuwa anarukaruka kuonyesha uzima wake. Hakuna aliyenitazama. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, siku ile nilisalitiwa na watu kumi na mmoja na miguu yangu mwenyewe.

Adhabu ya Flaviani ilikuwa kuibandika karatasi kitabuni na kufyeka uwanja wiki mbili. Aliipokea kama komunyo. Adhabu zangu zilikuwa nyingi, na ya kwanza ilianza pale pale: kuyahamisha maharage yote kutoka getini hadi stoo, debe kwa debe, peke yangu, huku mwenye maharage akisimamia.

Nilitegemea anigombeze. Nimegombezwa na watu wakubwa, najua namna ya kuinamisha kichwa. Mama Yuliana alichota, akajaza debe, akanitwisha. Nikaenda, nikarudi. Akajaza tena. Gunia la kwanza likaisha hivyo hivyo. Katikati ya la pili nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ulikuwa mzaha tu. Tulitaka samaki."

Akachota. "Wa huko kwenu?"

"Ndiyo, mama. Usipa."

"Ungesema, ningekutafutia sokoni." Akasawazisha debe kwa kiganja. "Majivu nilikuonyesha wewe tu. Hata Flaviani nilikuwa sijamwambia."

Sikulijua hilo. Ilimaanisha kwamba Flaviani aliisikia siri ya mama yake kwa mara ya kwanza mstarini, kwa sauti ya Mkuu, pamoja na shule nzima. Nikalibeba debe hadi stoo, nikarudi, akajaza tena.

Kwa mbali Flaviani alikuwa anafyeka, mgongo kwetu. Nilikuwa nimepanga kumdai radhi jioni ile. Nilikuwa nimeandaa hata maneno: karatasi moja tu, Flaviani, nilikupa karatasi moja. Mpaka leo sijayatumia. Amehamisha kitanda chake karibu na mlango, na sukari yangu sasa inamaliza mwezi bila kuisha.

Debe la mwisho lilijaa kupita kiasi. Nilipolinyanyua, mikono ilikuwa imechoka na likayumba, punje zikaanza kudondoka njiani nyuma yangu, moja moja. Nikasimama. Nilijua ataniita, na nilijua ataniita vipi, kama alivyoniita tangu mwezi wa tatu.

"Wewe mwanafunzi," Mama Yuliana akasema. "Shika vizuri. Yanamwagika."