Gauni Lililopotea na Ushahidi wa Paka

"Kama hukuliiba wewe, basi limeota miguu," bosi alisema, na ugomvi ukaingia saa ya pili.

"Na kama limeota miguu, limepitia mlango gani? Funguo unalala nazo wewe," mpiga pasi akamjibu, pasi ya moto mkononi.

Gauni la bibi harusi halikuonekana tangu jana jioni. Shangazi yake bibi harusi alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akisikiliza kila neno kama aliyelipia kiingilio. Bosi alikwisha kutangaza mbele yake kwamba lisipopatikana kufika saa sita, mpiga pasi akusanye vyake asirudi tena.

Mama Mkasi, mkataji wa vitambaa, aliweka mkasi mezani. Mpiga pasi alikuwa wifi yake, na yeye ndiye aliyemleta kazini. Wifi ana watoto watatu na mdomo mmoja unaotosha watu saba. Akifukuzwa kwa jina la mwizi, hakuna duka la ushonaji litakalompokea, na Mama Mkasi atayasikia hayo sebuleni kwake mpaka meno yamtoke.

Basi akaenda kuuliza mashahidi. Alielewa lugha ya wanyama tangu utotoni, na pale dukani hakuna aliyeshangaa, kama vile hakuna aliyeshangaa kwamba fundi wa vifungo anakoroma akiwa macho. Shida haikuwa kuwaelewa. Shida ni yale wanayoyasema.

Mbuzi wa jirani alikiri hata kabla ya salamu. Alilila yeye, lote, na vifungo vyake. Alipoulizwa lilikuwa la rangi gani, akasema kijani. Wiki iliyopita mbuzi huyo huyo alikiri kula baiskeli. Njiwa wa kwenye bati nao walijibu wote kwa pamoja, na hata walipokubaliana nani atangulie, kumbe walichokiona tangu juzi ni mtama tu.

Akabaki paka wa dukani. Bosi alimchukia paka huyo hadharani. Kila asubuhi alimkimbiza kwa kandambili akisema duka la nguo si zizi. Mama Mkasi akaingia stoo, nyuma ya pazia, akamkuta katika katoni baina ya majora ya kitambaa, na vitoto vinne vinanyonya.

"Hongera, mwenzangu," akamwambia.

"Umechelewa," paka akasema. "Mwenzako alinipongeza jana."

Mama Mkasi akachungulia alichokilalia. Kilikuwa kitambaa cha kijivu, kibaya, ambacho ungekikuta sakafuni ungekipigia deki. Ila mshono wake aliujua. Pale dukani kila nguo iliyokwisha hutundikwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, ili vumbi liangukie bitana. Akainua pindo, na chini yake akaona lesi nyeupe, safi kama maziwa.

"Nani kakutandikia hiki?"

Paka alimaliza kwanza kujilamba bega. "Yule mama wa kandambili. Mbele za watu ananifukuza. Mkitoka, ananiletea maziwa na kuniita malkia. Jana jioni aliniona nahangaika na uchungu, akavuta tambara kwenye kamba akanitandikia. Kisha akaniimbia. Mwambie asirudie kuimba."

Mama Mkasi akamwita bosi stoo, akamwonyesha bitana bila maelezo. Bosi aliitazama, akaitazama tena baada ya kuvaa miwani, kisha akaketi juu ya jora.

"Giza lilikuwa limeanza kuingia," akanong'ona. "Na miwani niliiacha mezani. Sikiliza. Tuseme paka ndiye aliyeliburuta. Yeye hana cha kupoteza."

Paka akalaza masikio.

Ilikuwa njia nyepesi. Wifi angepona na bosi angebaki na ukali wake. Paka angetolewa nje na vitoto vinne ambavyo havijafumbua macho, na wifi, aliyeitwa mwizi saa mbili nzima mbele ya wateja, angeambiwa tu arudi kwenye pasi. Mama Mkasi alikwisha kuzaa mara tatu, na subira yake iliishia kwa yule wa pili.

"Bitana tutaibadilisha," akasema. "Nakata mimi, unashona wewe, na saa sita tumemaliza. Lakini jina la wifi yangu halina bitana ya kubadilisha."

"Nipe mpaka kesho, nitamwambia taratibu."

"Watoto wangu husema hivyo hivyo kuhusu vyombo," Mama Mkasi akajibu, akalishika pazia, akalivuta mpaka mwisho.

Shangazi aliinuka benchini. Fundi wa vifungo akaacha kukoroma. Mpiga pasi akamwona bosi wake juu ya jora, katoni miguuni, paka amekwisha kuingiza kichwa mfukoni mwa aproni yake kama mahali anapopajua.

Bosi akasafisha koo. "Mpiga pasi, mwanangu," akasema kwa sauti ya kufika benchini, "gauni nililichukua mimi, nikamtandikia paka. Nilikuita mwizi mbele za watu, na mbele ya watu hao hao nakuomba radhi."

Mama Mkasi alikuwa amekwisha kuvihamishia vitoto kwenye tambara jingine na kuchukua mkasi, anafumua bitana mshono wa kwanza.