Baba Mkwe Hakuwa Kiziwi

Mara tatu nilimwomba baba mkwe wangu, Odiel, ahamie kwetu, na mara tatu alinijibu, "Ik versta het niet." Kwetu Uholanzi, mtu akisema hivyo, ujue masikio yake hayakukunasa. Basi nikapaza sauti. Mara ya tatu nilipayuka hadi jirani akachungulia dirishani.

Odiel alikuwa ameanguka ngazini, na kuishi peke yake kijijini mwake, huku Flandria, upande wa Ubelgiji wanakosema Kiholanzi kama sisi, kulikuwa hakuwezekani tena. Jumatatu saa sita mchana tulitakiwa kuwajibu watu wa makao ya wazee: kitanda walichomwekea tunakichukua au hatukichukui? Mume wangu, Wannes, alishakata tamaa. "Mzee hataki. Achana naye." Mimi si mtu wa kuachana na jambo. Jumapili nikaenda mwenyewe, mkononi nina kipeperushi cha vifaa vya kusaidia kusikia.

Odiel alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani kiziwi?"

"Wewe, Baba. Kila nikisema, unaniambia husikii, huverstaan."

Alicheka hadi akashika nyonga. "Ee Mholanzi wewe! Kumbe ndiyo maana unanibwatukia kama mnadi wa samaki? Huku kwetu verstaan ni kazi ya kichwa. Kukusikia nakusikia, na mtaa wa pili wanakusikia. Nasema sielewi!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Naye alifundisha shule miaka arobaini, hakuniachia hapo. "Ndani yake mna staan, kusimama. Na hiyo ver, wataalamu wengi wanadhani zamani ilikuwa 'mbele'. Unasimama mbele ya jambo, unaliona vizuri. Wewe unasimama jikoni unapiga kelele."

"Haya, huelewi nini?"

Akachezeachezea kijiko. "Wannes ni mwanangu, lazima aseme nije. Wewe je? Mzee wa nyonga mbovu, wa nini?"

Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake. Maneno sikuwa nimeyaandaa.

"Wannes yuko barabarani na lori siku nne kwa wiki," nikasema taratibu. "Nyumba imepoa, Baba. Nataka mtu wa kubishana naye. Halafu nakupenda, mzee mkaidi wewe." Machozi yakanitoka, wala sikuyaficha.

Alinipa leso yake, akakohoa.

"Haya, nitakuja. Ila nyinyi Waholanzi nawajua. Mgeni mnampa biskuti moja, kopo mnafunga."

"Hutakuwa mgeni, Baba," nikamwambia.