Mboji Mbichi Bwawani

Alipofika bwawani asubuhi aliwakuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema. Bibi harusi wa juzi tu, na bwawa la mama mkwe linamfia mkononi!

Mama mkwe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, akaacha agizo moja: mboji iliyo ndani ya uzio wa miti uliozama majini, pembeni mwa bwawa, ikorogwe kila asubuhi. Basi. Lakini huyu naye na kiherehere chake! Jana yake alitumbukiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akaona vidole vyake vizuri. Maji meupe hivi, samaki watakula nini? Akaliendea lundo jipya nyuma ya banda, samadi na majani ambayo bado yalikuwa yanafuka, akalimwaga lote bwawani, ili mwenyewe akirudi akute maji ya kijani yenye chakula cha samaki na amsifu. Haraka haraka haina baraka. Mboji mbichi ikiozea majini huwamalizia samaki hewa, na hilo hakuwa ameambiwa na mtu.

Sasa alikimbilia karai. Aliingia majini na nguo zake, akawa anazoa uchafu kwa karai na kuutupa ukingoni, kisha anachota maji na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Mumewe atamwambia nini? Kwamba bwawa alilolichimba mama yake kwa jembe, likamsomesha yeye, limekufa kwa ujuaji wa mkewe? Alijiona amesharudishwa kwao na sanduku lake.

Mama mkwe alimkuta hivyo hivyo, tope mpaka kiunoni. Alieleza yote kabla hajaulizwa, akaomba radhi, akalia.

Yule mama aliwatazama samaki wake. Kisha akaweka mkoba chini, akaingia majini na viatu vyake.

"Sikukwambia kwamba mboji hukaa uzioni ili iingie majini kidogo kidogo," alisema polepole. "Ni makusudi. Niliogopa ukishaijua kazi hii, hamtanihitaji tena."

Bibi harusi alishusha karai. Kumbe na mwenzake alikuwa anaogopa, tangu siku ile ya kumpokea mlangoni.

"Niletee ndoo, mwanangu. Na wewe inua juu zaidi."

Wakaendelea kumwaga, na samaki wa kwanza akaelea tumbo juu katikati yao.