Kibali cha Kuingia Mapafuni

Mama yangu aliingia ofisini kwetu Jumanne asubuhi, akaipita foleni ya wafugaji, akamwambia Bwana Kithinji, afisa wa mifugo, kwamba amekuja kushtaki ugonjwa uliohama bila kibali.

Mimi nilikuwa karani wa Bwana Kithinji. Mwaka huo wa 1979 hakuna ng'ombe aliyetoka Isiolo kwenda kusini bila karatasi niliyoipiga taipu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ugonjwa ulihama kutoka wapi, mama?" Bwana Kithinji aliuliza huku akivuta fomu. Hakuwa akitania. Aliamini kila kitu duniani kina fomu yake.

"Kwa nyumba ya mtoto, hapa tumboni. Nairobi walikata nyumba yote, wakatupa. Sasa nakohoa. Si ni wewe ulizuia homa ya mapafu ya ng'ombe hapa kwa kizuizi? Hata moja haikupita."

"Haikupita," alikubali, akakaa wima, akanigeukia. "Nakaale, nakala tatu."

Nilipanga kaboni. Barua ya daktari ilikuwa mkobani mwangu siku ya kumi na moja. Ilikuja baada ya mama kupigwa picha ya kifua, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Mama aliponiuliza inasema nini, nilimwambia daktari anamsalimia.

"Aina ya mifugo?" Bwana Kithinji alisoma kwenye fomu.

"Saratani," nilisema chini chini. "Ya misuli ya mfuko wa uzazi. Ni adimu sana, na ni kali."

"Adimu? Basi ni ya mbegu bora. Andika gredi."

"Wanawake wote wa Isiolo," mama alisema, "ikaona mimi."

"Idadi?"

Barua ilitaja vivimbe vitatu mapafuni. "Watatu," nilijibu.

Mama aligeuka akaniangalia. Niliendelea kupiga taipu.

"Watatu tu?" Mzee Chachu alipaza sauti kwenye foleni. "Mimi niko na arobaini, nimesimama hapa tangu Ijumaa!"

"Nyamaza, mzee. Zako zinakula majani. Hizi zinakula mimi," mama alimwambia.

"Njia waliyopita?" Bwana Kithinji aliendelea.

"Damu," nilisema.

Aliweka kalamu chini. "Huko sina kizuizi," alisema, na kweli aliona aibu. Kisha akaiokota tena. "Tarehe ya kurudi walikotoka?"

Niliondoa mikono kwenye taipu.

"Hawarudi," nilisema. "Mama, walikuwa wameshatoka kabla ya kisu. Daktari anasema iko dawa ya kutiwa mshipani, Nairobi. Haitawamaliza. Itawachelewesha labda."

"Muda gani?" mama aliuliza.

"Miezi. Hajui mingapi. Utatapika, nywele zitatoka."

"Na umekaa na hayo siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja unanipikia maini kila jioni," mama alisema. "Nikajua tu. Nani anakula maini Jumatatu?"

Nilianza kulia. Bwana Kithinji, kwa kukosa la kufanya, aligonga muhuri wa KARANTINI kwenye nakala zote tatu, akampa mama ya juu. Mama aliikunja vizuri, akaiweka kifuani.

"Nitaenda hiyo Nairobi," aliniambia. "Tutaenda sisi wawili. Lakini toa hiyo barua sasa. Anza juu kabisa, na usiruke."

Nilisoma nimesimama, nikitafsiri neno kwa neno. Nilipofika mahali pabaya nilinong'ona, na Mzee Chachu, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekufa, akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.